Umeandika “assume”, msomaji akaelewa kinyume: tatizo liko wapi?

Kazi yangu ni kusoma barua za watu kabla hazijatumwa. Huniletea hapa Mombasa maombi ya kazi, malalamiko, barua pepe za ofisi zinazokwenda Dubai, London na Toronto. Jioni nasomesha Kiingereza watu wazima. Katika kazi zote mbili, kitenzi kinachoniumiza kichwa kuliko vyote ni “assume”, kwa sababu kila mtu ana yakini kwamba anakijua. Ukiuliza maana yake utaambiwa ni kudhani, basi. Lakini kudhani kwetu ni kapu kubwa: mna kufikiri humo, mna kukisia, kuhisi, kushuku, hata kutumai. Kwa Kiingereza kila kimoja kina neno lake, na ukichomoa lisilo lako msomaji anakwenda nalo kusikotakiwa.

Kabla ya matatizo yenyewe, shika kipimo hiki. Chukua sentensi yako ya Kiswahili, uiongezee mwishoni maneno “wala sikuuliza”. “Nilidhani umeshalipa kodi, wala sikuuliza.” Ikikaa sawa, “assume” ndilo neno lako: “I assumed you had paid the rent.” Sasa tazama hii: “Nilidhani umeshalipa, lakini nikapiga simu kuhakikisha.” Hapa uliuliza, kwa hiyo andika “I thought you had paid.” Anayefanya “assume” habaki na wazo kichwani tu. Amelikanyaga kama daraja na kuvuka, bila kutazama kama mbao zake ni nzima.

“Nimemwambia aiache barua ya kwanza, naye akaifuata”

Hili ndilo kosa lenye madhara makubwa, na ni letu sisi wa Kenya hasa. Mtu ametuma bei zenye makosa. Dakika kumi baadaye anaandika: “Please assume the earlier prices.” Yeye anakusudia: zipuuze zile bei za mwanzo. Mteja wa Uingereza anasoma: zichukulie zile bei za mwanzo kuwa ndizo. Anaagiza mzigo kwa bei ya makosa, na ukija ugomvi kila upande unaonyesha sentensi ileile.

Chanzo ni kwamba katika Kiingereza cha Kenya, na katika Sheng, “assume” imepata maana ya kupuuza. “Nilimsalimia akani-assume.” “Hiyo maneno we assume tu.” Hapa nyumbani kila mtu anaelewa. Kijana wa Dar es Salaam angesema amenichunia, au amenipotezea. Ila nje ya ukanda huu maana hiyo haijulikani kabisa. Mwandikie mtu wa Toronto “I called you twice but you assumed me”, naye atabaki akisubiri mwisho wa sentensi: ulinidhania nini?

Nimejiuliza sana maana hii ilitoka wapi. Nashuku ilizaliwa darasani. Swali la fizikia husema “Assume there is no friction”, chukulia kwamba hakuna msuguano, na mwanafunzi anachofanya kwa vitendo ni kuupuuza msuguano. Kutoka hapo hadi “assume the friction” ni hatua moja, na kutoka msuguano hadi jirani asiyeitikia salamu ni hatua nyingine fupi. Sina ushahidi wa hayo, na ndiyo maana nimesema nashuku. Tutalifikia neno hilo sasa hivi.

Marekebisho ni mepesi. Ukimaanisha kupuuza mtu, andika “ignore”: “He ignored me.” Ukimaanisha kuiacha barua au takwimu uliyotuma kimakosa, neno la ofisini ni “disregard”: “Please disregard my earlier email.” Na kama hukujibiwa, usimwambie mtu amekupuuza kabla hujajua kilichompata. “I have not yet received a reply” inatosha, nayo haigombani na mtu.

“Nilimshuku mtu, wakubwa wakaelewa kwamba namtetea”

Hili lilinipata mimi. Nilikuwa karani wa ghala, kijana, na betri ya gari ikapotea usiku. Msimamizi alikuwa mgeni, akataka kila mmoja aandike anachofahamu. Nikaandika: “I doubt the watchman took it.” Kichwani mwangu nilikuwa nimesema nina shaka na mlinzi. Msimamizi akanishukuru kwa kumsafisha mzee wa watu, akageukia kijana wa kupakia mizigo, na kijana yule akakaa nyumbani wiki mbili bila mshahara mpaka betri ilipoonekana kwingine kabisa. Hakuwa yeye, wala hakuwa mlinzi. Mimi nilikuwa nimekosea mara mbili, kwa kumdhania mzee na kwa Kiingereza, na aliyelipa ni mtu wa tatu. Tangu siku ile sijaruhusu neno “doubt” lipite mbele yangu bila kulisimamisha.

Tatizo linaanzia kwetu. Shaka na kushuku ni ndugu, zote zimetoka mzizi mmoja wa Kiarabu, nasi husema “nina shaka naye” tukimaanisha pengine ndiye aliyefanya. Kiingereza kimeyaweka mambo haya pande mbili zinazopingana. “I doubt he took it” inaelekea kwenye hapana: siamini kwamba alichukua. “I suspect he took it” inaelekea kwenye ndiyo: nahisi alichukua, ila sina ushahidi. Ukitaka kusema kwa Kiingereza kile ambacho Kiswahili kinaita kushuku, “suspect” ndiyo njia pekee iliyo salama.

Sasa “assume” inakaa wapi? Mwenye “suspect” ana dalili na anajua kwamba hana uhakika. Jambo linamkera, analichunguza. Mwenye “assume” hakerwi na lolote. Kwake swali halikuzuka kabisa. “I suspected the door was open” ni mtu aliyehisi upepo akainuka kwenda kutazama. “I assumed the door was locked” ni mtu aliyelala usingizi.

Neno letu dhana limebeba yote mawili, na hata wafasiri wakubwa wamegawanyika juu yake. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, walioamini wanaambiwa wajiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Tafsiri ya Kiingereza ya Yusuf Ali imeweka “suspicion” mahali pa dhana. Ile ya Sahih International imeweka “assumption”. Mmoja amesikia kumshuku mtu, mwingine amesikia kuchukulia jambo bila kuuliza. Kama wao wamefika kwenye njia panda hiyo, wewe usione aibu kusimama kidogo ufikiri.

Jambo dogo la matamshi: “suspect” ikiwa ni mtu, mshukiwa wa magazetini, mkazo uko mwanzo, SUSpekti. Ikiwa ni kitendo cha kushuku, mkazo unahamia mwishoni. Kiswahili hutuzoesha mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tofauti hii hutuponyoka.

“Nimekanusha, lakini sentensi haisemi ninachotaka”

Tunasema “sidhani kama atakuja”. Kikanushi kimekaa kwenye kudhani, lakini kinachokanushwa hasa ni kule kuja. Kiingereza hufanya hivyohivyo kwa “think”: “I don’t think he will come.” Kwa “suppose” pia: “I don’t suppose he’ll come.” Mwanafunzi akishazoea hapo, anajaribu “I don’t assume he will come”, na ghafla mambo yanabadilika. Sentensi hiyo ni sahihi, ila maana yake ni: sijichukulii tu kwamba atakuja, nangoja kuambiwa. Ukitaka kusema umeshachukulia kwamba haji na umeendelea na mipango yako, kikanushi lazima kiende kwa anayekuja: “I assume he isn’t coming.”

Pima na sahani za chakula. Ukisema “I assumed she wasn’t coming”, hukumpakulia. Ukisema “I didn’t assume she was coming”, huenda ulimwekea chakula pembeni, huenda hukumwekea; ulikuwa unangoja kauli.

Humu humu mna lile “kama” letu. “Sidhani kama” huwavuta watu waandike “I don’t think if”, kisha “I assume if he is sick”. Baada ya “assume” huja “that”, au hakiji chochote: “I assume that he is sick”, “I assume he is sick.” Na “namchukulia kama mwizi” isiwe “I assume him as a thief”. Kama unamwona hivyo, ni “I regard him as a thief”. Kama unamtendea hivyo, ni “I treat him as a thief”. Kama umejiambia tu kwamba ni mwizi, “I assume he is a thief”, na hapo rudi kwenye kipimo ujiulize kwa nini hukuuliza.

“Mwalimu amenikatia ‘I am assuming’”

Ninadhani, tunafikiri, anachukulia: -na- yetu hutufanya tuandike “I am assuming” kila mara. Katika ripoti andika “We assume” au “We have assumed”. Lakini si kosa popote. Kwenye mazungumzo, “I’m assuming you’ve eaten?” ni njia ya kumwachia mwenzako nafasi akusahihishe. Karibu iwe swali.

“Nimeandika ‘suppose to’ maisha yangu yote”

Wengi wameandika hivyo, maana sikio halisikii ile “d” inapokutana na “t”. Iandike hata kama huisikii: “I was supposed to travel.” Maana yake nilitakiwa kusafiri, haina uhusiano na kudhani. Tatizo linakuja pale neno hilohilo linapobeba maana mbili. “He is supposed to be in Malindi” yaweza kuwa anatakiwa awe Malindi, au inasemekana yuko Malindi, na msemaji mwenyewe hasadiki sana. Hapo hakuna kanuni ya kukuokoa isipokuwa sentensi zilizo jirani. Na “supposedly” ina sumu kidogo. Ukiandika kwamba mtu “supposedly” alikuwa mgonjwa, umeshamwambia msomaji kwamba huamini. Kama huna nia hiyo, “presumably” haina ubaya.

“Niliambiwa ‘presume’ na ‘assume’ ni mamoja”

Ni ndugu, lakini mmoja ana shahidi. Mfano mzuri kuliko wote uko Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1871. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta msafiri David Livingstone, kwa jinsi alivyosimulia mwenyewe, alimkaribia mzungu mwenye ndevu za mvi akasema: “Dr Livingstone, I presume?” Watu huikumbuka sentensi wakamsahau Susi. Kabla Stanley hajamwona Livingstone, Susi alikuwa ameshatoka kumlaki, akamsalimu kwa Kiingereza, akajitaja kuwa mtumishi wa Dakta Livingstone, na Stanley akathibitishiwa kwamba Dakta yumo kijijini. Kwa hiyo alipofika mbele yake hakuwa anabahatisha. Alikuwa na sababu za kutosha, akabakiza nafasi ndogo ya adabu. Hiyo ndiyo “presume”. Susi huyo, pamoja na Chuma na wenzao, ndio waliokuja kuubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo baada ya kifo chake mwaka 1873, na naona ni haki atajwe kila inapotajwa sentensi ile.

Ndiyo maana mahakama hupenda “presume”. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inampa kila mshtakiwa haki ya “to be presumed innocent until the contrary is proved”, yaani ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hapo hakuna anayedhani lolote kuhusu mshtakiwa. Sheria imeamuru tuanzie wapi, na imemtwika mwendesha mashtaka kazi ya kutuondoa hapo.

“Gazeti linasema rais ‘assumes office’. Wanadhani ni rais?”

Swali hili niliulizwa na mwanafunzi mwenye akili nyingi, na lilikuwa swali halali. Katika katiba hiyohiyo, kifungu cha 141 kina kichwa “Assumption of office of President”. Aliyezoea maana moja anaona maajabu.

Kitenzi hiki kimetoka kwenye Kilatini “assumere”, kutwaa, kujichukulia. Kutwaa madaraka: “assume office”. Kubeba jukumu: “assume responsibility”. Kujipa jina lisilo lako: “an assumed name”. Na kulitwaa wazo ukalifanya la kweli kabla hujaonyeshwa ukweli wake: hiyo ndiyo maana tunayohangaika nayo. Zote ni kutwaa. Ukiona baada ya “assume” kuna cheo, mzigo, umbo au jina, tafsiri kwa kushika, kubeba au kujipa. Ukiona kuna sentensi nzima, tafsiri kwa kuchukulia kwamba.

Hata sikukuu ya tarehe 15 Agosti, ambayo ni siku ya mapumziko Burundi na Rwanda, huitwa “Assumption” kwa Kiingereza kwa sababu Bikira Maria alitwaliwa mbinguni, mwili na roho. Kanisa Katoliki lilitangaza fundisho hilo rasmi mwaka 1950 chini ya Papa Pius XII. Kiswahili kikachagua neno zuri la peke yake, Kupalizwa Mbinguni, na hatuna wa kuchanganyikiwa.

Tazama pia tahajia hapo: “assume” huzaa “assumption”, na “p” inaingia. Ni hivyohivyo kwa “presume”, “consume” na “resume” ikiwa ni kitenzi. Ukikumbuka moja umezikumbuka zote.

“Mtihani unasema ‘assume’, mimi siamini”

Mtahini haulizi imani yako. “Assume that the business will continue” ni amri: chukulia kwamba biashara itaendelea, halafu piga hesabu. Kiswahili chake ni “tuseme” au “chukulia kwamba”. Nimeona majibu ambamo mwanafunzi anabishana na swali nusu ukurasa, akamaliza muda. Na kwenye uhasibu ukiambiwa “State any assumptions you have made”, orodhesha yale uliyoyatwaa ili uweze kusonga mbele, moja moja, bila kuyatetea.

“Niliandika kwa adabu, wakaniona mkali”

Hapa ndipo moyo huniuma, kwa sababu mwandishi hakukosea sarufi hata kidogo. Kwa Kiswahili “nadhani” hulainisha. “Nadhani utanitumia zile fedha Ijumaa, mwanangu” ni ombi lililovikwa kanga. Ukiliandika “I assume you will send the money on Friday”, kanga imeanguka. Msomaji anasikia: nimeshaamua, wewe tekeleza. Ni kama kumwambia mzee uliyemkuta hotelini “nimechukulia utalipa wewe”.

Mbaya zaidi ni “I assume you have not read my email.” Kwetu ni kumtafutia mtu udhuru: pengine hajaiona, maskini. Kwao inasikika kama shutuma. Udhuru mtafutie kwa “You may not have seen my email.” Ombi lipeleke kwa “Could you” au “I hope you will be able to”. “Assume” ielekeze kwako mwenyewe, si kwa unayemwandikia. “I assumed the meeting was on Tuesday, I should have checked” inapokelewa vizuri, kwa kuwa umekiri kwamba hukuuliza.

Kama barua imeshatoka

Usinyamaze ukitumai hawataona. Kwa bei, takwimu na tarehe, tuma mistari miwili siku hiyohiyo: “In my last email I wrote ‘assume the earlier prices’. I meant that you should disregard them. The correct prices are below.” Usieleze habari za Kiingereza cha Kenya, usiombe radhi mara tatu. Weka bei sahihi hapo chini. Kwa shutuma iliyotoka bila kukusudia, simu ni bora kuliko barua nyingine. Na kwa maelezo yaliyotiwa saini, kama yale yangu ya ghalani, rudi kwa aliyeyapokea, ana kwa ana, umwambie ni neno gani lilikuwa lako na ni lipi halikuwa, kabla hajaita mtu mwingine ofisini.